Begi la mkononi kwa muuzaji wa maonesho: mizani kwanza, rangi baadaye

Ukiuza shanga, batiki au sandali za ngozi, kalenda yako unaijua: Karibu-Kilifair mwezi wa Juni huku kwetu, Sabasaba Dar mwezi wa Julai, Nane Nane Agosti, na mwenye nauli anavuka Zanzibar Februari kwa Sauti za Busara. Mzigo mkubwa unatangulia kwa basi. Unaopanda nao ndege uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ndio wenye mali ya bei, ile usiyotaka ipotee njiani, na begi lake watu wengi wanalichagua kwa kuliangalia tu.

Mimi mabegi nayapanga kwa swali moja: likishapimwa, linaniachia kilo ngapi za mali? Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 7 mkononi, machache yanafika 10. Ukubwa unazunguka sentimita 55 kwa 40 kwa 20, matairi na kishikio vikiwemo. Begi la kilo 3 na nusu likiwa tupu limeshakula nusu ya haki yako kabla hujaweka hata hereni moja. Kwa hiyo nenda dukani na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya betri. Muuzaji atakutazama vibaya kidogo, mwache atazame.

Ninaloliweka la kwanza ni begi la mgongoni linalofunguka kama sanduku, lita 35 hadi 40. Sio lile la shule la kufungulia juu, ambalo ukitafuta kidani cha chini unamwaga vyote. Hili zipu yake inazunguka pande tatu, unalilaza juu ya meza na kila kitu kinaonekana. Mengi yana kilo moja hadi moja na nusu, kwa hiyo zinabaki zaidi ya tano za mali. Mikono yako iko huru: mmoja umeshika bango, mwingine unamlipa boda. Na ukifika Mji Mkongwe, kwenye vichochoro vile, hubembelezi tairi lolote.

Kabla ya kulipa, geuza mgongo wa begi uangalie pale mkanda unapoingia kwenye kitambaa. Unataka kuona mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake. Ukiona mstari mmoja tu wa uzi, vuta kwa nguvu mbele ya muuzaji. Nyuzi zikianza kucheka, rudisha. Kasoro yake ni kwamba shanga za kioo ni nzito na mabega ni yako, na batiki iliyopigwa pasi itakunjika usipoiviringisha.

Begi la aina hii mara nyingi ni afadhali ulitafute mtumbani, Memorial kwa watu wa Moshi au Kilombero kwa watu wa Arusha, kuliko kununua jipya la bei ya chini. Ila ingiza mkono ndani mpaka kwenye kona. Mabegi yaliyokaa stoo miaka mingi, ile rangi ya plastiki iliyopakwa ndani huanza kunata na kubanduka vipande vipande, na vipande hivyo vinaganda kwenye kanga nyeupe. Akikuambia, "Dada, hilo orijino, halijatumika," sawa, inawezekana kweli halijatumika, lakini limezeeka. Bei ya kwanza ni salamu tu, usiishtukie.

La pili ni begi la kitambaa la kuburuta, matairi mawili. Wenye mgongo unaouma waanze na hili. Linapima kilo 2 na kidogo, linabonyea kuingia pale lisipotosha, na matairi yake makubwa yaliyozama kwenye fremu yanapita kwenye changarawe. Tazama yamefungwaje: yakiwa na skrubu, fundi yeyote anabadilisha, yakiwa na ribiti, atalazimika kutoboa. Vuta kishikio mpaka mwisho ukitikise. Kucheza kidogo ni kawaida, kukwama siyo.

La tatu ni begi laini la michezo, lisilo na fremu wala tairi. Kwa ndege kubwa ni usumbufu, kila kitu kinajirundika chini. Lakini ukiruka na zile ndege ndogo, Cessna Caravan, kutoka uwanja wa Kisongo, Arusha, linapanda hadi namba moja. Kampuni nyingi za ndege hizo zinatoa kilo 15 tu kwa mzigo wote, wa mkononi ukiwemo, na zinataka begi laini kwa sababu mizigo inasukumwa kwenye boksi la tumboni lenye mlango mdogo. Sanduku gumu pale utaachana nalo.

Sanduku gumu la matairi manne nimeliweka la nne, najua ndilo linalopendwa. Linang'aa, na mwenye vyungu au vinyago vyembamba ana sababu ya kulinunua. Wengine hapana. Likifunguliwa linataka nafasi mara mbili, na nyuma ya meza ya maonesho nafasi hiyo hakuna. Matairi yale madogo yamechomoza nje, kokoto moja ya stendi inatosha. Ukilazimika, bonyeza ubavu wake kwa kidole gumba: ukirudi vizuri ni polikaboneti, plastiki inayonyumbulika, ukiacha alama nyeupe ni plastiki itakayopasuka. Na zipu za mengi yake zinaachanishwa kwa ncha ya kalamu ya wino, kwa hiyo kufuli isikupe usingizi.

Lile begi jepesi la miraba, maarufu kama "shangazi kaja", sijaliweka kwenye orodha. Kwa basi la Dar halina mpinzani, ni jepesi, ni rahisi, na mali ikiisha unalikunja mfukoni. Ndani ya ndege linaonekana kubwa hata likiwa dogo, na mtu wa kaunta atalipeleka chini.

Begi lolote utakalochukua, acha nafasi ya mifuko ya kufungashia wateja. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, na ile ya karatasi haibonyei. Koleo la waya wa shanga na mikasi mikubwa viende na mzigo wa chini, la sivyo utaviacha kwa wakaguzi. Pawabenki ni kinyume chake: haipelekwi chini kamwe, inakaa nawe, na mwisho wa kawaida ni saa-wati 100. Kama imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 ugawanye kwa 1,000; ya 20,000 inatoka 74, inapita. Isiyo na maandishi yoyote wanaweza kuichukua, na siku ya mauzo ya lipa namba utaihitaji.