Bima kubwa ya gari hapa Arusha: nilichopata, na ile eksesi ambayo hakuna aliyeniambia

Wadau mnaouliza kama bima kubwa inalipa kweli, mi nimekaa nayo mwaka mzima kwa wakala mmoja pale mjini karibu na Mnara wa Saa, jina naliacha, ila yaliyonikuta nawaambia.

Gari ni IST, tuliithaminisha milioni 12. Bima ndogo ya gari binafsi ni laki moja, ukiweka VAT 118,000, na hiyo ndo ya lazima kisheria ila inamlipa yule uliyemgonga tu, gari lako utajua mwenyewe. Kuna ya katikati inayoongeza moto na wizi. Mi nikachukua kubwa, inayolipa na gari lako mwenyewe, asilimia 3.5 ya thamani, ikaja 420,000 na VAT ikawa 495,600. Siku ya kununua huduma safi kabisa, dada wa pale kaja kupiga picha gari pande zote, stika ikatoka hapohapo, nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima nchini, nikaiona ipo. Jamani hilo msiache kufanya, stika feki zipo.

Mwezi wa nne sasa, mvua inapiga, natoka Ngaramtoni, kufika Sakina kifodi (daladala) mbele yangu kikafunga breki ghafla kuchukua abiria, nikakigonga nyuma. Bampa, taa ya kulia, boneti, rejeta, vyote kwisha. Trafiki akaja akapima, ripoti ikatoka, kesho yake mtathmini akaja gereji, hesabu ikafika 1,400,000. Nikajua nimepona. Barua ikaja inasema wao wanalipa 1,150,000, hiyo 250,000 natoa mimi.

Nilienda pale ofisini nimefura kwelikweli. Dada akafungua mkataba ukurasa wa nne, maandishi madogo hayo, eksesi asilimia 10 ya dai ila isipungue 250,000. Asilimia 10 yangu ilikua 140,000, haifiki kile kiwango cha chini, kwahiyo wanakata 250,000. Hapo ndo nikaelewa kwamba eksesi ni kipande cha hasara unachobeba wewe kila unapodai, hata kama bima umelipa yote na hujachelewa hata siku moja.

Baadae nikaibiwa saitimira Kilombero, mpya pamoja na kufunga 180,000, sikupata hata mia, maana iko chini ya eksesi. Kwahiyo mikwaruzo na vitu vidogo tegemea mfuko wako, bima kubwa utaiona siku gari limeumia haswa.

Haki yao niwape, mwenye kifodi alilipwa bila mimi kutoa kitu, na gari langu lilitoka gereji wiki ya tatu, rangi ya boneti huwezi kuitofautisha na ya zamani. Kinachoniuma ni kwamba siku nalipa laki tano kasoro hakuna aliyetamka neno eksesi, na kuna watu magari wamenunua kwa mkopo wa kikoba, hiyo 250,000 ya ghafla wanaitoa wapi? Gari linalala gereji mwezi mzima na bima ipo.

Mwezi ujao nahuisha palepale. Nimemwambia dada aniandikie bei mbili, ya eksesi hii ya sasa na ya kuongeza hela kidogo eksesi iondoke, na kiwango akiandike ukurasa wa kwanza. Kasema Jumatatu ananitumia WhatsApp.