Sindano za mianzi za milimita 4: je, kupunguza vitanzi zinaweza?

Habari zenu, mafundi wenzangu! Nipo Shangani hapa Mtwara, joto kama mnavyolijua, na mimi nafuma kofia ya sweta. Msinicheke. Mwezi wa sita na wa saba Newala kuna baridi, na akina mama wa kule wanazitaka kofia za vichanga.

Leo tuzitazame hizi sindano za mianzi, unene milimita 4, jozi shilingi 6,000. Kwa kufuma kwa kawaida sina neno. Nyepesi, na mkono ukitoka jasho vitanzi havitelezi ovyo kama kwenye za alumini.

Shughuli iko kwenye kupunguza. Ngoja niisogeze kamera. Mnaona kitanzi hiki? Kimeipanda sindano, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Ukiingiza ncha kwenye vitanzi viwili kwa mpigo na kuvifuma kimoja, vinalalia kulia. Unataka vilalie kushoto? Vihamishe kimoja kimoja kwenye sindano ya kulia, virudishe vyote, kisha vifume kwa miguu ya nyuma. Hapo ndipo ncha hizi zinaponikera, ni butu! Uzi huu wa akriliki ukiukaza kidogo tu, ncha inauchana. Tazameni, haya, nyuzinyuzi mbili zimeachwa nje. Nimezipiga msasa laini na kuzisugua kwa mshumaa, sasa afadhali, ila ni kazi ambayo mtengenezaji alipaswa kuimaliza.

Kwenye kuongeza vitanzi, sindano hizi hazina tatizo. Unaokota ule uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, unaufuma kwa nyuma ili ujipinde, tundu halionekani. Ukizungusha tu uzi kwenye sindano unapata kitanzi, lakini na tundu juu. Kwenye shali ni urembo, kwenye kofia ya mtoto hapana.

Kofia hii ina vitanzi 72. Kwenye utosi nafuma 7, nafuma 2 pamoja, hivyo hivyo hadi mwisho: vinabaki 64. Narudi bila kupunguza, halafu nafuma 6 na 2 pamoja, 56. Kwa mwendo huo ncha butu utaitukana mapema.

Kama ndiyo unaanza, dada yangu, nunua, na msasa usisahau. Wewe unayefuma shali za matundu, ongeza hela kidogo utafute za chuma zenye ncha kali.