Soksi za kubana na sabo za baforomo, soko ya Kadutu (Bukavu)

Nyota 4 ku 5. Mi niko muforomo A1 (ni kusema nilisoma uforomo ku shule ya juu), gadi yetu ni saa 12 na kuna usiku hata kukaa hukai. Batu banaulizaka muforomo anaweza tumika miaka ngapi, miye naona ni miguu na mugongo njo vinaamua, tuko na bamama benye kukaribia pansheni na bangali banapanda ngazi muzuri, bengine baliacha mapema sana juu ya varisi (mishipa ya miguu yenye kuvimba), na hiyo inaniumiza kabisa.

Sasa hizi soksi. Muuzishaji alinipima na sentimeta, ku kifundo na ku nyama ya mguu, hakuuliza tu namba ya kiatu, hapo njo nilimwamini. Ku kartoni baliandika 15-20 mmHg (kipimo cha nguvu ya kubana), zinabana sana chini na zinalegea kidogo kidogo kuenda juu, ivo damu inarudia ku moyo. Uzivae asubui mbele miguu ivimbe, na usilale nazo. Mwenye sukari ao mwenye damu haifikake muzuri ku miguu aulize munganga kwanza.

Sabo, ni kusema viatu vya kazi, ziko na nyayo pana, haziterezi ku maji ya zhaveli (dawa ya kusafisha).

Nyota moja nimekata juu ya elastiki ya soksi, ilianza kulegea mbio, na taye kubwa zinaishaka kila mara. Dola 12 si kidogo na hii mishahara yetu. Bakubwa ba hopitali, mununulie batu yenu!