Balbu za H4 zenye mwanga zaidi: ipi inastahili hela yako

Ukiulizia balbu kali za taa za mbele kwenye maduka ya spea, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, utawekewa mezani vitu vya namna tatu: halojeni yenye asilimia kubwa kwenye boksi, halojeni ya bluu, na LED yenye feni mgongoni. Kwa gari inayotumia H4, yaani balbu moja yenye dimu na fulu ndani yake, kama Probox, Vitz za mwanzo na Hiace nyingi, chaguo letu ni la kwanza: halojeni ya wati 60/55 ya daraja la juu kutoka Osram au Philips, mbili kwa mpigo. Ila kuna taa ambazo hata balbu ya bei mbaya haiziokoi, na hizo zinatajwa huko mbele.

Tuanze na hiyo asilimia. "Mwanga zaidi kwa asilimia 150" haina maana kwamba balbu inatoa mwanga mara mbili na nusu ya ile uliyonayo. Kanuni namba 37 ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia balbu hizi, imeipangia H4 lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1000 kwenye dimu na 1650 kwenye fulu, ikipimwa kwa volti 13.2, na inaruhusu kupanda au kushuka asilimia 15 tu. Kwa hiyo halojeni halali ya 60/55 haiwezi kukupa lumeni 2000 kwenye dimu hata ikipakwa dhahabu. Kinachofanyika kiwandani ni kuusokota uzi ukae mfupi na wa moto zaidi, kuukalisha mahali pake bila kuyumba, na kujaza gesi ya zenoni kwa shinikizo. Mwanga ukianzia kwenye nukta ndogo, rifleksa, ile sehemu inayong'aa nyuma ya balbu, inaweza kuukusanya na kuutupa mbali. Asilimia inayotangazwa ni ya kipande fulani cha barabara mbele ya gari, tena ikilinganishwa na kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kisheria. Ukitoka kwenye balbu nzuri ya kawaida utaona tofauti, hasa kwenye ukingo wa barabara upande wa kushoto, ila usitegemee usiku ugeuke mchana.

Osram Night Breaker Laser na Philips X-tremeVision Pro150 zote zinatangaza 150, na kwa matumizi ya kawaida hakuna sababu ya kugombania ipi ni ipi. Chukua ambayo duka lina mzigo halisi. Juu yake kuna Night Breaker 200 na RacingVision GT200. Hizo tungemwachia mtu anayeendesha usiku mara moja moja na asiyeumia kubadilisha balbu kila baada ya muda mfupi. Uzi ukizidi kuwa moto unakufa mapema, hakuna ujanja. Pro150 yenyewe inakadiriwa saa 450 hivi. Anayewasha taa saa mbili kila siku atazimaliza ndani ya miezi saba au nane, na barabara ya makorongo inaweza kupunguza zaidi, kwa sababu uzi wa moto haupendi kutikiswa.

Teksi, daladala na gari za mizigo zinazokesha barabarani ni habari nyingine. Hapo Philips VisionPlus, yenye asilimia 60, ni chaguo la busara kuliko zote zilizotajwa juu: mwanga unaongezeka na balbu haikimbilii kufa. Osram Ultra Life na Philips LongLife EcoVision zinadumu hadi mara nne ya balbu ya kawaida, lakini usizinunue ukitafuta mwanga. Si kazi yake.

Balbu za bluu tungeziacha dukani. Philips WhiteVision na Osram Cool Blue Intense ni bidhaa halali, zimetengenezwa vizuri, lakini rangi ile ya kwenye kioo ni chujio: inazuia sehemu ya mwanga wa njano ili ubaki mweupe. Jicho linaona weupe na kudhani ni ukali. Mvua ikinyesha kwenye lami nyeusi ndipo utajua umenunua nini. Gari nyingi za mtumba kutoka Japani huja na balbu za namna hii zimeandikwa "60/55W = 100/90W" au zaidi. Namba ya pili ni ya mwuzaji. Umeme unaotumika ni wati 60/55. Kama taa za gari yako mpya kutoka bandarini zinaonekana nyeupe kwa mbali lakini ukiwa nyuma ya usukani huoni kitu, chomoa balbu ukitazame kioo chake. Ikiwa imepakwa bluu yote, hata halojeni ya kawaida isiyo na rangi inaweza kukupa nafuu. Night Breaker Laser nayo ina bluu kidogo, lakini imeachiwa dirisha lisilo na rangi pale mwanga unapopitia.

Na zile zenye wati 100/90 za kweli? Zipo, ni za bei rahisi, na zinawaka sana kwa wiki za kwanza. Hesabu yake ndiyo hii: wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5 kwa kila taa, wati 100 ni zaidi ya 8. Soketi ya plastiki, swichi na nyaya vilipangwa kwa ile ya kwanza. Kinachoanza kuharibika ni soketi: pini zinalegea kwa joto, plastiki inageuka kahawia, kisha inayeyuka na kushikana na balbu. Wakati huohuo mng'ao wa rifleksa unaungua juu ya balbu na kuacha doa la kijivu. Mwisho wa siku umepoteza taa nzima kwa kutafuta mwanga.

Kabla ya kulipia chochote, pima volti zinazoifikia balbu. Hapa ndipo hela nyingi za watu zinapotelea. Washa injini, washa dimu, vua mpira wa nyuma ya taa lakini soketi uiache imeshika balbu. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi, kwenye pini mbili za dimu, usome. Kisha soma kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa bado inanguruma. Betri ikiwa na 14 na balbu ikapata 13.5 au zaidi, uko salama. Ikipata 12, tatizo lako si balbu. Mwanga wa halojeni unaporomoka kwa kasi kuliko volti: kutoka 13.2 hadi 12 unabaki na kama asilimia 70 tu. Chanzo huwa ni waya wa negativu uliokula kutu pale unapofungwa kwenye bodi, soketi iliyolegea, au swichi iliyochoka. Sugua kwa msasa sehemu ya kufungia, kaza, pima tena. Na ikiwa betri yenyewe inasoma chini ya 13.5 taa zikiwa zinawaka, tazama altaneta na mkanda wake kwanza.

Gari ya zamani ambayo nyaya zimechoka kabisa inastahili relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme na kuipa taa umeme moja kwa moja kutoka betri: moja ya dimu na moja ya fulu, za ampea 30, nyaya za milimita mraba 2.5 kutoka betri, na fyuzi karibu na betri. Mwambie fundi aweke fyuzi ya ampea 10 kwa kila upande, asiunganishe taa zote mbili kwenye fyuzi moja, maana hiyo ikikatika kwenye kona usiku umebaki gizani. Jambo jingine la kumkumbusha: Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwemo, swichi inakata upande wa negativu. Seti ya relei iliyotengenezwa kwa ajili ya gari nyingine haitafanya kazi hapo, na fundi asiyelijua hilo atabadilisha vipuri visivyo na kosa.

Lenzi nayo. Plastiki iliyofifia na kuwa njano inatawanya mwanga kabla haujatoka. Dawa ya meno inang'arisha kwa siku chache tu. Kazi inayodumu ni msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu polishi, na mwisho varnishi isiyo na rangi inayokinga jua. Ukiruka hiyo ya mwisho unjano unarudi baada ya miezi. Ikiwa imekwisha sana, anza na 800. Bandika selotepu ya karatasi pembeni usije ukachuna rangi ya gari. Ukungu au ukijivu ulio ndani kwenye rifleksa hautoki kwa msasa, na ukiufuta kwa kitambaa utaondoka na mng'ao wote. Taa ya namna hiyo ni ya kubadilisha.

Sasa LED, ambazo ndizo zinazouzwa sana. Shika H4 ya halojeni uitazame kwa karibu. Ndani kuna nyuzi mbili, na chini ya ule wa mbele, wa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga wa dimu usigonge nusu ya chini ya rifleksa na kurushwa machoni mwa anayekuja. Uzi wenyewe una urefu wa milimita tano hivi, na taa nzima imechorwa kuuzunguka. LED ya bei rahisi ina chipu ndefu zilizobandikwa pande mbili za ubao mnene, na kikombe cha kuigiza kilichokaa takriban tu. Matokeo yake sehemu ya karibu, mita kumi hadi ishirini mbele, inang'aa kweli na dereva anafurahi, lakini mbali pamebaki giza na mwenye gari linalokuja hakuoni wewe wala barabara. Jicho likizoea ule ung'avu wa karibu, ndiyo kwanza linashindwa kumwona mwendesha baiskeli aliye mbali. Lumeni 20,000 zilizoandikwa kwenye boksi hazihitaji mjadala: LED hizi nyingi hutumia wati 20 na ushee, na wati hizo haziwezi kuzaa hata robo ya namba hiyo.

Zipo LED za kubadilishia zilizopata kibali Ujerumani, kama Osram Night Breaker LED na Philips Ultinon Pro6000, lakini kibali kinatolewa kwa modeli maalumu za gari zilizopimwa moja moja. Ukiamua kuweka LED hata hivyo, hakikisha chipu zimetazama kushoto na kulia, si juu na chini, na mpira wa nyuma unafunga. Feni ikilazimisha mpira ubaki wazi, vumbi na maji vitaingia na rifleksa itakwenda.

Dukani, soma shingo ya balbu yenyewe kuliko boksi. Halali huwa na "H4", "12V 60/55W", na herufi E yenye namba ndani ya duara. Maandishi yawe makali, uzi umenyooka, kikombe hakijapinda. Za volti 24, wati 75/70, ni za malori. Zinaingia kwenye soketi ileile lakini kwenye gari dogo zitatoa mwanga wa kibatari.

Kufunga ni dakika kumi kila upande. Chomoa soketi, vua mpira, bana klipu ya waya na uisukume pembeni, toa balbu. Mpya ishike kwenye chuma tu. Ukigusa kioo, kifute kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya kidole yanafanya sehemu moja ipate joto kupita nyingine na kioo hupasuka. H4 ina masikio matatu na moja ni pana: hilo huenda juu. Likikaa vibaya klipu bado inaweza kufunga kwa kulazimisha, na taa itamulika miti.

Kisha pangilia taa. Simamisha gari mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa, dereva ameketi, na kitasa cha kurekebisha taa kikiwa sifuri. Ukiwa mita 10 kutoka ukutani, mstari wa juu wa dimu uwe sentimita 10 hadi 13 chini ya kimo cha katikati ya taa. Ukiwa mita 5, nusu yake. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda mstari unapaswa kupanda upande wa kushoto. Taa za Japani zimeundwa hivyo, ndiyo maana gari ileile ikipelekwa Burundi, Rwanda au Kongo inamwaga mwanga kwa wanaokuja, na balbu haiwezi kurekebisha hilo. Inabidi taa zenyewe zibadilishwe.

Ikiwa balbu uliyochomoa ina kichwa kikubwa cha mraba au waya mnene wenye balasti (kisanduku kinachopandisha volti), hiyo ni taa ya zenoni, isiyo na uzi, na yote ya H4 hapo juu hayakuhusu. Soma herufi zake: D2 inatumia volti 85 na D4 inatumia 42, kwa hiyo haziingiliani. Yenye S mwishoni ni ya projekta (taa yenye lenzi ya mviringo mbele ya balbu), yenye R ni ya rifleksa na ina mstari mweusi kwenye kioo. Nunua ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4300 ya kampuni inayoeleweka, badilisha zote mbili kwa pamoja, na zima taa kabisa kabla ya kugusa soketi, kwa sababu wakati wa kuwaka balasti inarusha zaidi ya volti 20,000.