Mwaka mmoja na Scribus: kupanga vijitabu vya wakulima hapa Dodoma

Mimi ni dizaina wa vitabu, naishi Dodoma, na kazi zangu nyingi zinatoka kwa shirika dogo linalosaidia wakulima wa mtama na alizeti huko Kongwa na Chamwino. Mwaka huu wote vijitabu vyao nimevipanga kwa Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa iliyoanza kutolewa 2003. Nimeipenda sana.

Kabla ya hapo niliwahi kupeleka kiwandani jalada lenye rangi za skrini. Jani la mtama lililong'aa kwenye laptopu likatoka limefifia kama mchicha uliochemka kupita kiasi. Nakala 500, zimeshapigwa pini. Kosa lilikuwa langu, maana mtambo unachapa kwa wino wa rangi nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kwenye Scribus nachagua rangi hizo nne tangu mwanzo, na kabla ya kutoa PDF yenyewe inakagua: picha hii ina nukta chache, maandishi haya yamezidi fremu. Ndiyo iliyoikamata picha ya ghala iliyotumwa kwa WhatsApp. Nikampigia afisa mradi, akaenda kuitafuta ile halisi kwenye kamera.

Kinachonipa kazi ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Maneno yetu ni marefu, na ukurasa wa A5 (nusu ya karatasi ya kawaida ya A4) wenye safu mbili ni mwembamba. "Wanaojishughulisha" likigoma kuingia, mstari unabaki na mapengo. Niliiachia ikate kwa kanuni za Kiingereza, "mashamba" likawa "mash" juu na "amba" chini! Nikazima. Sasa naweka alama za kukatia kwa mkono, kila mara baada ya irabu. Kijitabu cha kurasa 24 kinanila saa mbili kwa hilo tu, ila mama anayesoma kwa kufuatisha kidole hastahili kupewa neno lililovunjwa ovyo.

Tahadhari: Scribus haifungui faili za INDD za InDesign, programu ya kulipia ya kupanga kurasa; mwombe mwenzako anayeitumia akuhifadhie kwa IDML, aina ya faili ambayo Scribus inaweza kuifungua. Na faili la Scribus toleo la 1.6 halifunguki kwenye toleo la zamani la 1.4, kwa hiyo kubalianeni toleo mapema.

Lakini kilichonifunga kwake ni hiki. Shirika linaishi kwa ufadhili, na ufadhili ukikatika, programu ya kulipia kila mwezi ndiyo ya kwanza kuachwa, na kazi zote zinabaki zimefungwa ndani. Mimi nawakabidhi folda moja: faili, picha na fonti za bure, vyote Scribus inavikusanya yenyewe. Oktoba nilikuwa msibani Singida. Kijana wao wa ofisini akafungua faili kwenye kompyuta yao ya zamani, akabadilisha aina mbili za mbegu na nafasi za kupandia, akapeleka kuchapwa kabla ya mvua. Niliporudi, maboksi yalikuwa yameshapakiwa kwenye gari la Chamwino.