Kuvuka Willamette kwa baiskeli: daraja gani linanifaa

Nakaa mashariki ya Portland, Oregon, kazi yangu iko magharibi, na katikati unapita mto Willamette. Gari sina. Haya madaraja nayajua kwa kuyavuka.

Nilianza na Hawthorne kwa sababu liko karibu. Ni daraja la chuma la mwaka 1910, na kipande chake cha katikati hupanda kama lifti ili meli ipite. Kengele ikilia, shuka, upumue. Magari yanapita juu ya wavu wa chuma unaovuma kama mzinga wa nyuki, sisi tuko pembeni, njia moja na waenda kwa miguu. Asubuhi pamejaa, na wapo wenye baiskeli wanaokupita kasi bila hodi. Mara mbili nimeponea chupuchupu.

Siku ya kwanza Tilikum Crossing, nilikuwa nageuka nyuma kila baada ya hatua chache kutazama gari. Kumbe halipo! Tangu lifunguliwe 2015, magari binafsi hayaruhusiwi: ni treni za mjini, mabasi, magari ya dharura, na sisi. Njia ni pana pande zote mbili, baiskeli na miguu zimetengwa. Usiku taa zake hubadilika kufuata hali ya maji ya mto. Jina lenyewe ni neno la Chinuk Wawa, maana yake watu. Lugha hiyo ilikuwa ya biashara, ikiunganisha makabila ya huku. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu. Mswahili anavuka kwa jina la ndugu wa lugha yake. Kasoro yake ni mwinuko. Ukiwa na kilo kumi za unga nyuma, utahema.

Steel Bridge la 1912 nawapeleka watoto. Lina ghorofa mbili, na njia yetu iko chini, karibu na maji, sambamba na reli ya treni za mizigo. Ghorofa hiyo ya chini inaweza kuinuliwa peke yake, huku magari ya juu yakiendelea na safari. Mwanangu hataki kuondoka. Kwa kwenda kazini, hapana: njia ni nyembamba, ukikutana na kigari cha mtoto mmoja wenu atasimama.

Fremont na Marquam usihangaike nayo, ni ya magari ya barabara kuu.

Nikichelewa asubuhi, Hawthorne. Jioni, hata nikiwa nimechoka, nazunguka hadi Tilikum.