Sikukuu ya zabibu Merano: niliyoyaona, na kwa nini naipa nyota 4

Kwa walioko Ujerumani, Austria au Italia mnaotafuta pa kwenda Oktoba: Merano, mji mdogo uliozungukwa na milima ya Tirol ya Kusini, kaskazini mwa Italia, husherehekea mavuno ya zabibu kila wikiendi ya tatu ya mwezi huo, tangu 1886. Ni shughuli ya wenyeji hasa. Mgeni anakaribishwa, ila hakuna anayemwigizia.

Nenda Jumapili. Alasiri ndipo maandamano yanapopita, na matarumbeta utayasikia kabla hujaona mtu. Bendi ni za vijiji vya jirani, si za wasanii wa kulipwa: wazee kwa vijana, kofia zenye manyoya ya ndege, wengine suruali za ngozi, na wanapiga kwa kujidai kabisa, kila kijiji kikitaka kuonekana kuliko kilichotangulia. Nyuma yao magari yaliyosheheni matufaha na zabibu, na farasi wa Haflinger, rangi ya dhahabu na manyoya meupe shingoni. Asili ya farasi hao ni Hafling, kijiji kilichoko juu tu ya mji. Wahi kupata nafasi kando ya barabara. Ukichelewa utatazama migongo.

Nyota moja nimeikata kwenye chakula. Foleni ndefu, bei za mjini, na sehemu kubwa ni nguruwe: soseji, na speck, ile nyama iliyokaushwa kwa moshi. Usiyekula nguruwe uliza kwanza, maana speck hujificha hata ndani ya madonge ya mkate yanayoliwa kwenye supu. Salama yangu ilikuwa vipande vya tufaha vilivyochovywa kwenye unga na kukaangwa, pamoja na chestnati za moto unazomenya mwenyewe huku vidole vikiungua. Mvinyo mpya ambao bado unachacha ni mtamu, unateleza, na hutajua umekufika kichwani mpaka usimame.

Lakini ukienda kwa maandamano tu umekosa nusu ya safari. Panda hadi kijiji cha Marling, ng'ambo ya bonde, utembee kando ya mfereji wa umwagiliaji uliochimbwa karne ya 18. Njia ina urefu wa kilomita 12, karibu yote tambarare, ikikatiza mashamba ya matufaha yaliyofunikwa nyavu za kuzuia mvua ya mawe. Mimi niliyekulia Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nilicheka peke yangu: huu ni mfongo, mfereji wetu Wachagga! Maji yanakingwa juu, yanatembezwa ubavuni mwa mlima, na zamani kila shamba lilikuwa na zamu yake na mtu wa kuusimamia mfereji, sawasawa na kwa babu zangu. Hapo ndipo sherehe ya mjini ilipoeleweka kwangu. Zabibu zile hazikumwagiliwa na mvua peke yake.

Kutoka München treni huvuka milima kwa njia ya Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, na kufika Bolzano kwa takriban saa nne, kisha unapanda treni ya mkoa hadi Merano, dakika 40 hivi. Gari acha nyumbani, barabara nyingi hufungwa. Vyumba vya Merano wikiendi hiyo huisha mapema na bei hupaa. Mimi nililala Bolzano. Nyumba nyingi za wageni hutoa kadi ya kupanda mabasi na treni za mkoa bure, kwa hiyo iulizie unapoweka nafasi.